Swali la Haya: Kisa cha Hojaji ya Mazoezi Kisauni

Ripoti ya mradi wa mazoezi ya vijana wa Mombasa ilikuwa na kurasa tisa, na sentensi iliyonikosesha usingizi ilikuwa ukurasa wa saba: "Wasichana wana ari ndogo ya mazoezi kuliko wavulana, inapendekezwa wahamasishwe." Chini yake palikuwa na bajeti.

Mratibu wa mradi ule nilisoma naye. Alinipigia simu baada ya Magharibi, sauti imechoka. "Kaka, nisomee hii kabla haijafika kwa wafadhili. Mimi nawaona hawa wasichana kila jioni. Hiyo sentensi hainikai moyoni."

Mradi wenyewe ni mdogo. Vijana wa miaka 13 hadi 17 kutoka Kisauni, Kongowea na Bamburi hukutana jioni tatu kwa wiki kwenye uwanja wa changarawe ulio kando ya barabara. Hucheza kandanda, netiboli kidogo, na kukimbia. Wafadhili walitaka kujua kama ari ya vijana inapanda, nao wenye mradi wakafanya kama wafanyavyo wengi: wakatafuta hojaji inayoheshimika, wakaifasiri kwa Kiswahili, wakagawa karatasi uwanjani na katika shule kadhaa za jirani. Alama zikajumlishwa, wastani ukatafutwa, wavulana wakawa juu na wasichana chini. Hapo ndipo pendekezo la fedha likazaliwa: mipira na jezi ziongezwe kwa ligi ya wavulana "kwa kuwa ndio wenye ari", na wasichana wafanyiwe semina kuhusu umuhimu wa mazoezi.

Nilizirudia hesabu zote, na zilikuwa sawa. Hakuna aliyedanganya wala aliyejumlisha vibaya. Tatizo lilikuwa limeingia mapema zaidi, pale penseli ya msichana ilipokutana na sentensi ambayo kwake ilikuwa na maana moja na kwa kaka yake maana nyingine.

Hojaji iliyotumika

Ni ile ijulikanayo kama BREQ-2, iliyotolewa mwaka 2004 na David Markland na Vannessa Tobin. Ina maswali 19, na kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 0, yaani "si kweli kwangu", hadi 4, yaani "kweli kabisa kwangu". Imejengwa juu ya nadharia ya Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakisema kwamba haitoshi kuuliza mtu ana ari kiasi gani. Uliza ari hiyo inatoka wapi. Kwa hiyo maswali yamegawanywa mafungu matano. Kuna asiyeona sababu ya kufanya mazoezi kabisa. Kuna anayesukumwa na watu. Kuna anayesukumwa na nafsi yake mwenyewe kwa sababu inamsuta. Kuna anayefanya kwa kuwa anaijua faida na anaithamini. Na kuna anayefanya kwa sababu anapenda tu, raha yake ipo katika kitendo chenyewe.

Ukitaka alama moja ya jumla, wastani wa kila fungu hupewa uzito: kutoona sababu huzidishwa kwa −3, kusukumwa na watu kwa −2, kusutwa na nafsi kwa −1, kuthamini faida kwa +2, na kupenda kwa +3. Kisha unajumlisha. Alama ya juu kabisa ni 20 na ya chini kabisa ni −24. Hii alama moja ndiyo iliyokwenda ukurasa wa saba.

Hojaji hii ni nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini ilitungwa kwa Kiingereza, kwa watu wazima wa Uingereza. Aliyeifasiri kwa ajili ya mradi aliifasiri kwa uaminifu, neno kwa neno, na uaminifu wa namna hiyo ndio uliotuponza.

Chini ya mwembe

Nilimwomba mratibu jambo moja kabla ya kugusa kompyuta: tukae na vijana wachache, wasome kila swali kwa sauti, watueleze wanalielewa vipi, ndipo wajibu. Wazazi walikuwa wameshatia sahihi. Siku ya kwanza wasichana sita, siku ya pili wavulana sita. Wasichana walikaa na mratibu mkekani. Mimi nilikaa pembeni na daftari. Nilijifunza mengi kwa kukaa pembeni. Hojaji za mwanzo zilikusanywa na kocha wa kiume, mkono kwa mkono, huku anatazama karatasi.

Kabla hata ya swali la kwanza tulikwama kwenye kichwa cha karatasi: "Hojaji ya Motisha". Binti mmoja akauliza motisha yenyewe italetwa kwa M-Pesa au taslimu. Aliuliza kwa dhati kabisa, na alikuwa na haki, maana hapa kwetu motisha ni kile kinacholipwa kumtia mtu moyo. Karatasi ikasomeka kama inaahidi pesa. Tukakiandika upya: "Kwa nini unafanya mazoezi, au hufanyi?"

Kisha likaja swali ambalo hadi leo nalisimulia kwa kila mtu. "Naona haya ninapokosa kipindi cha mazoezi."

Msichana wa miaka 15, mtandio wa kijani, alilisoma mara mbili. Penseli ikasimama hewani. Akamgeukia mratibu. "Dada, hapa nikiandika si kweli, si nitakuwa nimesema sina haya?"

Wenzake wakaitikia kwa kichwa, kana kwamba ni jambo lililo wazi. Na kweli ni wazi kwa yeyote aliyelelewa Mombasa. Haya ni sifa. Msichana anapolelewa anaambiwa kwamba haya ni tawi la imani, na hadithi ya Mtume anaisikia chuoni, yaani madrasa, tangu hajui kusoma vizuri. Ukimwambia mtoto wa watu "huna haya" umemtukana yeye na mamake. Sasa unamwekea karatasi mbele inayomtaka apige mstari kwenye "si kweli kwangu" karibu na neno hilo? Atachagua 3 au 4, apite. Jibu lake halihusu mazoezi. Amejilinda heshima yake.

Siku ya pili mvulana alisoma sentensi hiyo hiyo bila kusita. "Haya ya nini? Nikikosa, kocha ataniweka benchi." Akaandika 0.

Kwa Kiingereza swali lile lilikusudia kupima fadhaa ya ndani anayoipata mtu akijiona amejiangusha mwenyewe. Kwa msichana likapima adabu, na kwa mvulana halikupima kitu. Na kwa kuwa fungu la kusutwa na nafsi hutozwa alama, kila msichana aliyejilinda akaonekana amepungukiwa na ari iliyo safi.

Jirani yake, lile la "Najihisi mwenye hatia nisipofanya mazoezi", halikuwa na kasoro ya jinsia lakini nalo lilikuwa mzigo. Hatia ni ya mahakamani. Vijana wote, wa kike na wa kiume, walilicheka kidogo. Tulipojaribu "Nafsi hunisuta nisipofanya mazoezi", yule yule wa mtandio wa kijani alisema, "Ehe, hiyo ndiyo. Kama ukikosa chuo bila sababu." Mvulana mmoja naye, siku iliyofuata, alitumia mfano wa kumdanganya mamake. Mifano miwili na maana ile ile. Swali lililofasiriwa sawasawa linatakiwa kufanya hivyo.

Swali la sita kwa Kiingereza linamtaja rafiki, familia au mwenza, kwa pamoja, kama watu wanaokwambia ufanye mazoezi. Mfasiri aliandika "marafiki, familia au mpenzi". Mtoto wa miaka 13, karatasi itapita mikononi mwa kocha na huenda ikaonekana nyumbani, na imeandikwa mpenzi. Wasichana wengi waliruka swali hilo. Aliyeingiza data akaweka 0 kila palipoachwa wazi. Ubaya huu ulikwenda upande wa pili: fungu la kusukumwa na watu nalo hutozwa, kwa hivyo 0 za bure ziliwapandisha wasichana. Nalitaja kusudi, kwa sababu watu wakisikia hojaji haina usawa hudhani imemwonea mmoja tu. Mara nyingi imevuta huku na kule, na alama ya mwisho ni salio la makosa yanayokatana nusu nusu.

Na kuna lile la "Nadhani kufanya mazoezi ni kupoteza muda", katika fungu la wasioona sababu. Kwa mvulana lilieleweka kama lilivyokusudiwa. Msichana mmoja alihesabu kwa vidole: akitoka shule ni chuo, akitoka chuo ni kumpokea mamake kibanda cha viazi karai, kisha wadogo zake waoge, kisha sahani. "Muda wenyewe wa kupoteza sina." Akaandika 4. Huyo binti hakukosa mara nyingi mazoezi ya Jumamosi. Tulimuuliza anaona sababu ya kufanya mazoezi au haoni, akashangaa kwamba tunauliza. Kukosa nafasi kukaandikwa kuwa kukosa ari, na fungu hilo ndilo linalotozwa mara tatu.

Neno lenyewe "mazoezi" nalo halikuwa salama. Kwa wavulana ni kandanda, kukimbia ufukweni, push-apu, kuogelea. Kwa wasichana wengi mazoezi ni kitu chenye filimbi na kocha. Mmoja wao hubeba mtungi wa lita 20 kutoka mferejini mpaka ghorofa ya tatu maji yakikatika, na jioni huruka kamba na wenzake nyuma ya nyumba mpaka jasho limtoke. Alisema hafanyi mazoezi. Kwa hiyo alipoulizwa kama mazoezi humfurahisha, alijibu kuhusu uwanja wa changarawe kando ya barabara, mahali asipopapenda. Kamba haikuingia akilini mwake hata kidogo, na ndiyo aipendayo kuliko vyote.

Gorogoro na mizani

Wafadhili walitaka maelezo ya kitaalamu, na mratibu alitaka maelezo atakayoweza kuyasema mwenyewe mkutanini. Nilimpeleka sokoni Kongowea kwa maneno.

Gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, likibonyezwa kitako hukupunja kiasi kile kile kila linapojazwa. Ukinunua maharagwe kwa gorogoro zima na jirani yako kwa lililobonyezwa, nyumbani jirani ataonekana ana maharagwe machache ingawa mmepimiwa "moja" wote. Swali la haya lilikuwa hivyo, isipokuwa lilikuwa linaongeza badala ya kupunguza: wasichana walianza juu kabla hata ari yao haijaguswa. Wanatakwimu hupaita hapo mahali pa kuanzia, na pakitofautiana kwa makundi mawili, wastani wao haulinganishiki.

Mizani ya springi iliyolegea ni jambo jingine. Yenyewe haiongezi kitu ikiwa tupu, lakini kila kilo ikiongezeka mshale unaruka kilo na robo. Hapo ni uzito wa swali: ari ikipanda hatua moja, jibu linapanda kiasi gani? Likipanda sana kwa wavulana na kidogo kwa wasichana, swali hilo linazungumza na wavulana kwa sauti na kuwanong'oneza wasichana.

Na kabla ya hayo yote kuna swali la msingi zaidi, kama mnapima bidhaa moja. Huenda kwa kundi moja maswali yanajipanga katika mafungu matano, na kwa lingine "kuthamini faida" na "kupenda" ni kitu kimoja kisichotenganishika.

Kwa hiyo upimaji wa usawa huenda kwa ngazi: muundo kwanza, kisha uzito wa maswali, kisha mahali pa kuanzia. Kila ngazi unaibana zaidi modeli, yaani picha ya kihesabu ya jinsi maswali yanavyojipanga, unadai iwe ile ile kwa jinsia zote mbili, na kutazama kama inaanza kulalamika. Kanuni inayotumiwa sana ni ile ya Gordon Cheung na Roger Rensvold ya mwaka 2002: kipimo kiitwacho CFI, cha jinsi modeli inavyolingana na majibu, kisishuke kwa zaidi ya 0.01 kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ni ngazi ya tatu tu inayokupa ruhusa ya kusema "wastani wa hawa ni mdogo kuliko wa wale". Ripoti ilikuwa imesema hivyo bila kupanda hata ngazi ya kwanza.

Tuchukue mfano wa karatasi ili ukubwa wa jambo uonekane. Vijana wawili, ari yao ni sawa kabisa: kutoona sababu 0, kusukumwa na watu 1, kusutwa na nafsi 2, kuthamini 3, kupenda 3. Kwa uzito nilioutaja, kila mmoja ana alama 11. Sasa msichana anajilinda kwenye swali la haya, anapandisha jibu kutoka 1 hadi 4. Fungu lile lina maswali matatu tu, kwa hiyo wastani wake unatoka 2 kwenda 3, na alama moja imekwenda. Kisha anaandika 4 kwenye swali la muda kwa kuwa kweli hana muda. Fungu lina maswali manne, wastani wake unatoka 0 kwenda 1, ukizidisha kwa 3 ni alama tatu. Amebaki na 7. Kwa maneno mawili tu, haya na muda, binti mwenye ari sawa na kaka yake amepoteza zaidi ya theluthi ya alama zake, na hakuna hesabu iliyokosewa.

Tulipopitisha data

Tulirudia karatasi za zamani, mara hii palipoachwa wazi tukapaacha wazi. Muundo ulisimama kwa wote. Uzito wa maswali ulikaribia kuwa sawa. Ngazi ya tatu ndipo modeli ilipolia, na ililia mahali pale pale vijana walipotuonyesha: haya, mpenzi, muda. Nilifarijika, nakiri, kwa sababu kundi letu halikuwa kubwa na hesabu za namna hii hutikisika vijana wakiwa wachache. Laiti mwembe na kompyuta vingepingana, ningeuamini mwembe kwanza na kutafuta data zaidi.

Kijana aliyenisaidia takwimu, hodari sana, alipendekeza tuyatupe maswali yote ambayo wasichana na wavulana walijibu tofauti. Tulibishana naye jioni nzima. Swali halina kasoro kwa sababu tu majibu yametofautiana. Huenda makundi yanatofautiana kweli. Kasoro ipo pale ambapo msichana na mvulana wenye ari sawa, waliolingana kwenye maswali mengine yote ya fungu, bado wanajibu hilo moja tofauti. Ukitupa kila tofauti utabaki na hojaji ambayo kazi yake ni kutangaza usawa, na hiyo nayo ni kumwonea mtu ambaye kweli anahitaji msaada.

Njia tuliyoifuata imezoeleka tangu Barbara Byrne na wenzake walipoieleza mwaka 1989: unayaachia huru maswali machache yenye kasoro, kila kundi lipewe mahali pake pa kuanzia, na ulinganisho unashikiliwa na maswali yaliyobaki imara. Na unaandika wazi uliyaachia yapi na kwa nini. Sharti hilo la kuandika wazi nililishikilia, kwa sababu ni rahisi mno kuachia huru mpaka upate jibu unalolitaka.

Pengo kwenye kusutwa na nafsi likatoweka. Pengo kwenye kutoona sababu likabaki dogo, lisilotosha kujengea pendekezo lolote. Pengo moja halikuondoka: wasichana walisema wanafurahia mazoezi kidogo kuliko wavulana, na maswali ya fungu hilo yalikuwa yamesimama vizuri kwa wote.

Hapa mratibu alivunjika moyo kidogo, alitarajia yote yafutike. Sikuona sababu ya kuvunjika moyo. Pengo la mazoezi kati ya wasichana na wavulana ni kweli na linajulikana duniani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na makadirio ya watafiti wake kwa mwaka 2016, kutoka nchi 146, yalionyesha kwamba asilimia 84.7 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakuifikia shabaha hiyo, na wavulana asilimia 77.6. Wavulana nao wako pabaya, tuseme ukweli. Lakini wasichana wako pabaya zaidi, na hojaji iliyonyooshwa haina kazi ya kulificha hilo.

Jambo la kuuliza ni: hawafurahii nini?

Karatasi nyingi zilijazwa shuleni, na shule zenyewe nyingi zilikuwa za wasichana watupu au za wavulana watupu, kama zilivyo shule nyingi za sekondari hapa Mombasa. Shule moja ya wavulana ina uwanja wa nyasi. Shule ya wasichana iliyolinganishwa nayo ina ua wa saruji unaoegeshwa magari ya walimu. Ukilinganisha jinsia hapo umelinganisha uwanja na maegesho. Tulipotazama karatasi za vijana wa shule za mchanganyiko peke yao, pengo la furaha lilipungua tena. Sikuthubutu kwenda mbali zaidi ya hapo na idadi tuliyokuwa nayo.

Kwa wale wanaokuja uwanjani Kisauni, jibu lilikuwa uwanja wenyewe. Hauna ukuta. Bodaboda hupanga mstari pale wakisubiri abiria, na msichana akikimbia huwa na watazamaji ambao hakuwaalika. Wengine hukimbia na buibui juu ya nguo za michezo, kwenye joto la Machi, kwa sababu hakuna pa kulivua na kuliacha. Mmoja alisema, "Nyuma ya nyumba nacheka. Huku nahesabu dakika."

Wavulana nao

Sitaki kisa hiki kisomwe kama cha wasichana peke yao. Siku ya wavulana, mmoja wao, mwembamba, mpole, alijibu 4 kwenye kila swali la kupenda, haraka haraka, kama anayelipa deni. Wenzake walikuwa wanamwona. Walipokwenda kunywa maji alibaki nyuma akaniambia polepole, "Mwalimu, mimi kandanda sipendi. Lakini ukisema hivyo mbele yao, umekwisha." Hupenda kuogelea. Kila Jumapili huvuka na binamu zake kwenda kuogelea baharini upande wa Likoni.

Mvulana kutopenda mpira ni jambo linalomgharimu, kama vile msichana kukosa haya kunavyomgharimu. Kwa hiyo alama za juu za wavulana nazo zilikuwa na hewa ndani. Tulichofanya ni kidogo na hakikugharimu chochote: karatasi zijazwe kila mtu mbali na mwenzake, zikunjwe, zitiwe sandukuni bila jina, kocha asiwepo. Na kabla ya swali la kwanza iwepo sentensi inayotaja shughuli kwa majina yake, mpira, kuogelea, kuruka kamba, kutembea kwenda shule, kubeba maji, kucheza ngoma, kuendesha baiskeli, kisha kijana achague mwenyewe ile aifanyayo zaidi na ajibu maswali yote akiifikiria hiyo. Kijana wa kuogelea atajibu kuhusu kuogelea.

Swali la haya sasa linasema, "Nikikosa mazoezi niliyopanga, najiona nimejiangusha mwenyewe." La mpenzi limekuwa mawili, moja la watu wa nyumbani na moja la marafiki, na mpenzi ameondoka. La muda limeachwa, lakini kando yake limewekwa jingine linalouliza kama kijana ana saa ya kufanya mazoezi hata akitaka, ili nafasi ihesabiwe kwake na ari kwake. Mabadiliko haya yanamaanisha hatuwezi kulinganisha alama mpya na zile za ripoti ya kwanza, na wafadhili hawakupenda kusikia hivyo. Mratibu aliwaambia waziwazi.

Ukurasa wa saba umeandikwa upya. Semina za uhamasisho zimeondolewa, na fedha zake zimekwenda kwenye makuti ya kuzungushia upande wa barabara, chumba kimoja cha kubadilishia nguo chenye komeo kwa ndani, na kamba nzito za kuruka. Jezi za wavulana zimebaki. Jumamosi asubuhi imetengwa kwa wasichana, na msimamizi ni mwalimu wa kike.

Hojaji mpya itajazwa baada ya Idi. Mratibu alitaka ijazwe mapema, tukakubaliana kungoja, maana ukimuuliza kijana wa hapa kuhusu mazoezi katikati ya Ramadhani utapata majibu ya Ramadhani. Binti wa mtandio wa kijani ameombwa asome rasimu ya mwisho kabla haijapigwa chapa. Ameshairudisha mara moja, amezungushia neno moja duara, na kando yake ameandika kwa penseli: "Hili wadogo hawatalielewa."